Mkanda Mbovu wa Dairekta

Mtaa mzima unamwita Dairekta, na filamu aliyotengeneza maishani mwake ni moja. Ukifika ukauliza alipo mpiga picha, utatazamwa kama mtu aliyepotea. Uliza kwa Dairekta, utaonyeshwa hata na mtoto anayejifunza kutembea. Utakuta chumba kimoja chenye shuka jeupe ukutani, kiti cha kuzunguka ambacho hakizunguki, na kitana kilichofungwa kwa kamba ili wateja wasiondoke nacho. Hapo ndipo anapowapiga watu picha za pasipoti na vitambulisho, akiwaambia wote maneno yale yale: "Kidevu juu kidogo. Usicheke." Ni mtu mzima sasa, mvi zimeanzia masikioni, na bado kabla ya kubonyeza kitufe hunyanyua mkono wa kushoto juu, kana kwamba kuna kundi la watu linasubiri amri yake.

Zamani lilikuwepo. Nisitie chumvi: walikuwa saba, na wawili kati yao walikuja kuangalia tu.

Hiyo ni miaka ishirini na sita iliyopita, alipokuwa kijana wa kupiga video za harusi. Alikuwa na kamera ya begani, ile kubwa iliyomeza mkanda mzima wa video, na deki mbili alizozikuta zimeshachakaa mikononi mwa watu wengine. Kila Jumamosi alirekodi maharusi wakikata keki, na kila Jumatatu alikaa kati ya deki zake akihamisha vipande kutoka mkanda mmoja kwenda mwingine, kidole juu ya kitufe. Katikati ya keki ya sijui nani, wazo likamwingia kwamba kama watu wanalia kwa kutazama harusi zao wenyewe, watalia zaidi kwa harusi ya kutunga. Na wazo likishamwingia huyo bwana, halitoki mpaka livunje kitu.

Akaandika hadithi kwenye daftari la shule. Kijana anaoa msichana asiye na kitu, mama wa kijana anamfukuza, kisha mama anaugua na anayekuja kumuuguza ni yule yule mkwe aliyefukuzwa. Akaipa jina "Mkwe Hana Kosa". Katika kutafuta waigizaji hakuvuka hata barabara. Bibi harusi akawa msusi wa pale kona, binti wa miaka ishirini aliyeweza kutoa machozi akiamriwa, kipaji ambacho alidai amekipata kwa kulelewa na kaka wanne. Bwana harusi akawa fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye watu walimwita Cheche: mrefu, mpole, na hodari wa kusahau maneno. Cheche huyo huyo alichomelea magurudumu ya toroli chini ya kiti cha kulia chakula, Dairekta akakaa juu na kamera yake, wakawa wanamsukuma. Kwenye filamu, sehemu hiyo nyumba nzima inatetemeka. Taa hawakuwa nazo. Walileta kioo kikubwa cha saluni, wakakisimamisha uani, jua likapiga kwenye kioo na kurudi ndani kupitia dirishani. Kabla ya saa sita mchana chumba kilikuwa na mwanga wa kutosha harusi tatu. Baada ya saa sita jua lilihama, na hapakuwa na la kufanya ila kurudi nyumbani.

Akabaki mama mkwe. Wanawake watatu walikataa, maana hakuna aliyetaka kuonekana mkatili mbele ya majirani anaokutana nao bombani kila asubuhi. Ndipo Dairekta akapiga moyo konde, akamwendea mama yake mzazi.

Mama huyo alikuwa amepika kwenye shule ya bweni kwa miaka thelathini. Wanafunzi walimwita Mama Mwiko, na jina likamfuata mpaka nyumbani alipostaafu. Sauti yake ilifika upande wa pili wa bwalo bila kipaza sauti, nzito, yenye mkwaruzo wa moshi wa kuni. Na alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kuona mtu anaingia mlangoni bila kumuuliza kama amekula. Msomaji wa mita ya maji aliulizwa. Jirani aliyekuja kugombana, naye aliulizwa, na akila hasira zinakwisha, inabidi aondoke bila kusema kilichomleta.

"Mama, nataka uwe mkatili," Dairekta alimwambia.

"Kwa nani?"

"Kwa mkwe wako. Kwenye filamu."

"Kanikosea nini?"

"Hajakukosea chochote. Ndiyo hadithi yenyewe."

Mama akafikiri, akajifuta mikono kwenye kanga. "Haya, baba. Kama itakusaidia."

Wakapanga kurekodi kwake, chumba cha mbele, pale kwenye kabati la vyombo. Kazi yake ilikuwa ndogo. Mlango unafunguliwa, Cheche na msusi wanaingia na begi, mama ananyanyuka, ananyoosha kidole na kusema: "Toka! Toka nyumbani kwangu na huyo mwanamke wako, na nisiwaone tena!" Basi.

Dairekta akanyanyua mkono wa kushoto, akaushusha. Mlango ukafunguliwa. Mama akanyanyuka, akanyoosha kidole, uso umekunjamana vizuri hata kijana wake kule nyuma ya kamera akahisi baridi. "Toka!" alisema mama. "Toka nyumbani kwangu na huyo... mmekula lakini?"

Msusi alicheka mpaka akakaa chini.

Wakarudia. Mara ya pili mama aliwauliza tena, akajiziba mdomo mwenyewe. Mara ya nne aliweza kujizuia mpaka neno la mwisho, kisha akaona jinsi msusi alivyokonda ndani ya lile gauni la kuazima, akashindwa. Mara ya saba Cheche aliharibu yeye, kwa sababu mama alipouliza alijibu, "Bado, mama," na kweli alikuwa bado. Kila walipokosea, Dairekta alitazama uani kuona kivuli cha ukuta kimefika wapi. Saa tano. Saa tano na nusu. Msusi alikuwa na vichwa viwili vya kusuka mchana, Cheche alikuwa na geti la mtu, na gauni lilitakiwa kwa mwenyewe jioni.

Mara ya kumi na moja, mama alipouliza tena, kijana alilipuka. "Mama, unaniharibia kazi! Sentensi moja tu! Mama mkwe gani huyu, anafukuza watu huku anawapakulia?" Akatoka nje, akapiga teke ndoo iliyokuwa mlangoni, akakaa kizingitini na kushika tama. Aliporudi ndani alishaamua. Mama asiseme lolote la maana, ahesabu tu moja mpaka kumi kwa hasira, na sauti itawekwa baadaye. Mkanda wa asubuhi ile akautoa, akauandikia MBOVU kwa kalamu nene bila hata kuutazama, na kuingiza mwingine. Mwanga ulikuwa umeanza kufa. Mama akahesabu moja mpaka kumi, kidole mbele, kama anayehesabu sahani zilizopotea bwaloni, na kipande hicho kikatosha.

Sauti iliyowekwa ilikuwa ya mwalimu wa shule ya chekechea. Sijui watoto wale walikuwa wanafundishwa nini, lakini mwanamke huyo alikuwa na sauti nyembamba, kali, ya kukata bati. Dairekta alimkalisha kati ya deki mbili, akampa kipaza sauti, na mwalimu akamfukuza mkwe mara moja tu, bila kukosea hata herufi.

Filamu ilionyeshwa Jumapili alasiri kwenye karakana ya Cheche, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, televisheni mbili zimepandishwa juu ya meza ya kazi. Mtaa ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya mageti ambayo hayajachukuliwa. Wapo waliolia, wapo waliovunjika mbavu pasipopaswa, na watu walipiga makofi mpaka bati la karakana likaitikia. Ilikuwa siku kubwa kuliko zote za maisha yake, na mpaka leo hajapata nyingine ya kufanana nayo. Anavyoikumbuka, hata joto lile la kubanana linamjia kama kitu kitamu.

Mama alikaa mstari wa mbele. Ilipofika sehemu yake, akaona mdomo wake unafunguka na sauti ya mwalimu inatoka. Watu walicheka, naye akacheka nao. Njiani kurudi nyumbani akauliza polepole, "Kumbe sauti yangu ni mbaya, baba?"

Dairekta masikio yalikuwa bado yamejaa makofi. "Si mbaya, mama," alijibu. "Haifai tu kwenye filamu."

Aliyasema hayo akitembea, wala hakugeuka kumtazama. Wiki hiyo hiyo mama alimuuliza kama ule mkanda mbovu una kazi. Akamwambia hauna. Mama akauweka, pamoja na kasha lake la plastiki gumu, chini ya mguu mfupi wa kabati la vyombo, ambalo kwa miaka lilikuwa linayumba kila akichukua sahani. Kuhusu filamu hawakuzungumza tena. Filamu ya pili haikutengenezwa. Kamera ilikufa, maharusi wakaanza kurekodiwa na vijana wenye vifaa vidogo, na yeye akajikunja ndani ya chumba chake cha pasipoti. Cheche alihama. Mama naye, miaka kumi na moja baadaye, aliugua wiki tatu akafariki, na waliomzika waliambiwa na dada yake Dairekta warudi nyumbani wakale, maana ndivyo ambavyo marehemu angesema.

Sasa mwaka huu, mwezi wa pili, msusi aliingia studio kupiga picha ya kitambulisho. Ni mama wa watoto wanne, ana saluni ya viti sita, na machozi ya kuamriwa bado anayo akitaka punguzo. Alikaa kwenye kiti kisichozunguka, akatoa simu. "Dairekta, umeiona hii? Filamu yetu! Kuna mtu kaihamisha kwenye simu, inazunguka mtaa mzima."

Wakaitazama vichwa vimegusana, na binti wa Dairekta, anayemsaidia kuchapa picha, akaja kusimama nyuma yao. Walipita kwenye nyumba inayotetemeka, wakacheka. Walimwona Cheche akimeza mate kutafuta maneno, wakacheka zaidi. Kisha mlango ukafunguliwa, na mama akanyanyuka pale kwenye kabati lake, kanga begani, mzima kabisa, na sauti ya mwalimu ikatoka.

"Bibi alikuwa na sauti nyembamba hivyo?" binti aliuliza. Bibi yake alifariki yeye akiwa na miaka miwili.

"Hapana. Hiyo siyo yake."

"Yake ilikuwaje?"

Dairekta akafungua mdomo amwigizie. Alijua ilikuwa nzito. Alijua ilikuwa na mkwaruzo. Alijaribu kumsikia akiita kutoka jikoni, akajaribu kumsikia siku za mwisho kitandani, na kila mara mama alipofungua mdomo ndani ya kichwa chake, aliyesema alikuwa mwalimu wa chekechea. Alikuwa amempoteza mama yake kwa mara nyingine, na safari hii alimpoteza kwa mkono wake mwenyewe. Akamwambia msusi, "Kidevu juu kidogo," na picha hiyo ilibidi irudiwe mara tatu.

Siku kadhaa hakulala vizuri. Aliuliza ndugu wote kama kuna mwenye mkanda, kaseti, chochote chenye sauti ya mama. Hakuna aliyekuwa nacho. Mtu uliye naye kila siku nani anamrekodi? Asubuhi moja akiwa anapiga mswaki akakumbuka kabati, akaacha mswaki kwenye beseni na kuondoka na viatu visivyofanana.

Dada yake ndiye anayekaa kwenye nyumba ya mama. Alimkuta ndugu yake mtu mzima amelala kifudifudi kwenye sakafu ya chumba cha mbele, shavu chini.

"Umepoteza nini huko?"

"Nisaidie kuinua kabati."

"Kabati hilo limetulia miaka yote hii, wewe unataka kulifanya nini? Sahani zangu zikivunjika utanijua."

"Dada, inua tu."

Wakaliinua. Kasha lilikuwa limepasuka kona moja, limejaa vumbi na mayai ya mende, lakini mkanda ulikuwemo, na neno MBOVU lilisomeka kama limeandikwa jana. Ile mikanda mizuri iliazimwa nyumba hadi nyumba mpaka deki za watu zikaitafuna karibu yote. Huu hakuna aliyewahi kuuazima. Dada mtu akasimama ameshikilia kabati kwa kiuno, akasema, "Chukua, lakini leta tofali."

Alipopelekewa, fundi redio wa mtaani aliutazama mkanda kwa muda mrefu kabla ya kuugusa. Utando mweupe wa ukungu ulikuwa umeota ndani. Aliufungua, akausafisha kwa pamba na spiriti mita kwa mita, kazi ya siku nne, akauhamishia kwenye ganda jingine na kutafuta deki nzima kwa jamaa zake. "Nikwambie ukweli, kaka," alisema, "huu unaweza kupita mara moja. Ukikwama katikati, ndiyo basi. Tunarekodi hapo hapo unapopita, na usiniambie nirudishe nyuma."

Kazi ya kuupitisha waliifanyia studio, siku ya nne saa saba mchana, mlango umefungwa, kibao cha NARUDI SASA HIVI kimegeuzwa nje. Binti alikuwa ameleta chakula kwenye bakuli lenye kifuniko tangu saa nne, baba yake hakukigusa. Asubuhi pia hakutia kitu mdomoni. Fundi redio akabonyeza. Deki ikanguruma, ikapiga kelele ya kusaga, kioo cha televisheni kikajaa chenga, na Dairekta akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Kisha picha ikatulia. Mlango, Cheche, msusi, begi. "Toka! Toka nyumbani kwangu na huyo... mmekula lakini?"

Ndiyo yenyewe. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na mkwaruzo ulikuwa mahali pengine, mwishoni mwa maneno, pale alipouliza. Binti akacheka, akajiziba mdomo. Dairekta hakucheka wala hakulia, alikuwa anasikiliza tu kwa mwili mzima. Mara ya pili ikapita, ya tano, ya tisa, mikwaruzo myeupe ikikata picha. Kisha ikaja ile aliyoiogopa: sauti yake mwenyewe, changa, yenye kiburi. "Mama, unaniharibia kazi!" Mlango ukabamizwa. Ndoo ikalia nje.

Na picha haikukatika. Alikuwa ametoka kwa hasira, akaiacha kamera inarekodi.

Chumbani mama alikuwa amesimama pale pale. Msusi na Cheche walikuwa bado wameshika begi. "Ana haki," mama alisema. "Kijana ana kazi yake, na mimi namletea mambo ya bwaloni. Hebu rudini mlangoni, wanangu. Nijizoeze kidogo kabla hajaingia, nisimtie aibu."

Wakarudi mlangoni, wakaingia na begi lao. Mama akanyanyuka. Kidole kikaja mbele, na sauti ikatoka yote, ile ya bwalo zima: "Toka! Toka nyumbani kwangu na huyo mwanamke wako, na nisiwaone tena!" Msusi alirudi nyuma hatua moja kwa kuogopa kweli. Hakukuwa na neno lililozidi wala lililopungua. Jua lilikuwa limempiga usoni sawasawa, na katika filamu nzima hakuna kipande kilichofikia hicho.

Mlango ukafunguliwa. Kijana akaingia.

"Nimeweza sasa, baba," mama alimwambia, uso umejaa furaha. "Tujaribu mara moja tu."

"Hapana, mama. Jua limeshapita. Utahesabu moja mpaka kumi, mambo ya sauti niachie mimi."

"Lakini ameweza kweli," msusi alianza.

"Nimesema jua limepita!"

Mama akamtazama. Alikunja kanga yake vizuri begani. "Haya, baba," alisema, na akasogea karibu na kamera, karibu sana, mpaka uso wake ukajaza kioo chote. Alikuwa anamtazama aliyesimama nyuma ya kamera. "Na wewe je? Tangu alfajiri umesimama. Umekula?"

Mkono wa kijana ukaja mbele ya kamera, picha ikazima, na deki ikaanza kuzungusha mkanda mtupu.

Fundi redio aliinama akajifanya anakagua waya. Binti hakujua amtazame nani. Dairekta alikuwa amesimama mbele ya chenga za televisheni, mkono wake wa kushoto umenyanyuka juu na haujui kushuka, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Bado, mama," alisema.

Binti yake akavuta kiti, akafunua bakuli.